Uji wa Muzazi

Kalemie, tarehe 14 Julai 2024

Kwa dada yangu mpenzi Sifa, Kongolo

Amani ya Mungu ikukute wewe, shemeji Papa Aboubakar, na mwanangu Aboubakar mwenyewe, mkiwa wazima ndani ya nyumba yenu. Mnalala vizuri? Kifua cha shemeji kimepoa? Huku kwetu kiangazi kimekuja na upepo wa ziwani, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Mimi sijambo. Kazi ya ofisini, biro ya pale bandarini, inaendelea, naandika mizigo inayoingia kutoka Kigoma na inayotoka, kama ulivyoniacha.

Najua umeshtuka. Umezoea kumwona Norbert, kijana wetu wa kubeba mizigo, akishuka kwenye treni na mfuko wa unga begani, na leo aliyesimama mlangoni pako ni Mama, bila habari, ameshika barua. Mwache akae. Mpe maji, atakuwa na kiu ya safari. Usimuulize kitu bado. Tumekubaliana kwamba atanyamaza mpaka umalize kusoma, na unajua kunyamaza ni kazi gani kwa Mama yetu. Nami nakuomba jambo moja: usimwage kitu chochote cha jikoni kwako, wala usiache chakula ulichozoea, kabla hujafika mwisho. Ndiyo sababu nilikupigia simu Jumapili ile nikakuambia unywe uji wako kila asubuhi bila kukosa, ukacheka, ukasema Mosi ameanza kuwa mama mkwe. Sikuweza kukueleza kwa simu. Simu yako inapokelewa na nyumba nzima.

Naanza mwanzo, kwa mpango. Tangu shuleni mnanicheka kwa tabia yangu ya kuandika kila siku na tarehe yake, lakini safari hii imenisaidia, maana kichwani mwangu mambo yote yamegeuka fujo.

Mdogo wetu Yasmine alijifungua mwezi wa tatu, mtoto wa kike, hilo unalijua. Mama alimweka kwenye chumba cha nyuma, kile kile alichokuweka wewe ulipokuja kumzaa Aboubakar. Akafuata desturi yetu yote ya muzazi, mama aliyetoka kujifungua: asiguse maji baridi, asiinue ndoo, asishike ufagio, kazi yake ni kula, kunyonyesha na kulala, mpaka siku ya kutolewa nje mbele za watu akiwa amenawiri. Lakini unamjua Yasmine. Alikula samaki, alikula ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya muhogo, na mikono yake ikabaki ile ile ya mwanafunzi.

Wanawake wa mtaa walianza kuja kumwona, mmoja na sabuni, mwingine na kipande cha kitenge. Walikaa kwenye mkeka wakampima kwa macho. Mama Carine, jirani yetu, ambaye kinywa chake hakijawahi kupumzika, alisema mutoto huyu maskini amepewa fito la kuvulia samaki anyonye. Watu wakacheka. Akaongeza kwamba labda Mama ya Sifa nguvu zake zote zilikwisha kwa Sifa, sasa kitinda mimba anakombewa sufuria. Watu wakacheka zaidi, na Mama akacheka nao. Nilikuwa nimesimama pale na sinia ya chai. Nilimwona akicheka, nikadhani ni kicheko.

Maana wewe, dada, ulipotoka kwenye chumba kile, mtaa wetu wote wa Kataki ulizungumza. Mpiga picha alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta ili akupate wote. Miezi mingi baada ya hapo, Mama alipopita sokoni wanawake walimpisha njia wakimuuliza siri yake, naye alijibu kwamba ni mikono tu. Umbo lako lilikuwa cheo chake.

Baada ya maneno ya Mama Carine, Mama alianza kumpikia Yasmine ule uji. Unga wake unaujua: mahindi, soya na karanga, vyote vimetwangwa pamoja. Hakuruhusu mtu mwingine asogelee kinu wala sufuria. Mimi nilipotaka kumsaidia alisema uji wa muzazi ukiguswa na mwanamke asiyeolewa unaharibika. Nilichukia kidogo, nikarudi kufua nguo za mtoto, nikaacha kuuliza.

Yasmine akanenepa, tena kwa haraka. Kufika mwezi wa tano mashavu yalikuwa yanataka kufunga macho. Nyuma ya shingo iliota nyama kama mto mdogo. Tumboni ilitokea mistari ya rangi ya zambarau, na Mama alisema ni alama ya baraka. Lakini miguu ilibaki myembamba, na kusimama kutoka kwenye mkeka alihitaji kushika ukuta. Alikunywa maji kama mtu aliyetoka shambani, na kila mara alikuwa njiani kwenda chooni. Yote haya niliyaona. Kila moja nililitazama peke yake, sikuliweka karibu na jingine. Tulikuwa na furaha, Sifa. Mama Carine mwenyewe alikuja, akainua mikono miwili juu, akasema mbele za watu: "Mama ya Sifa, nimeshindwa."

Siku ya kutoka ilikuwa tarehe 22 Juni. Yasmine alivaa kitenge kipya, amepakwa poda shingoni, na viatu vya rangi ya dhahabu ambavyo mume wake Shehe alimnunulia kwa wafanyabiashara wa Kigoma. Shehe alinunua kwa kipimo cha mguu aliouoa, na mguu ule ulikuwa umevimba. Yasmine alilazimisha, maana hakutaka kumvunja moyo mume wake. Alitembea kwa nyimbo na vigelegele mpaka kwa wakwe zake, akarudi na lengelenge kwenye kisigino. Nani anahangaika na lengelenge siku kama ile?

Kuanzia kesho yake Mama aliacha kupika uji. Kazi ilikuwa imekwisha. Unga ulikuwa umebaki mfuko mzima, akaufunga vizuri na kumpa Norbert akuletee wewe.

Lengelenge likapasuka likawa kidonda. Hakikuwa chekundu, hakikuwa na joto, na hakikumuuma. Nilijua kidonda kisichouma kinapona. Kumbe kilikuwa kinaoza taratibu, kimya, na siku moja nilipoinama kukiosha harufu yake ilinirudisha nyuma. Wakati huo huo Yasmine akaanza kulegea. Alitapika. Alishindwa kumbeba mtoto wake. Mama alisema ni malaria, na mimi nilisema ni malaria, maana hapa kila kitu ni malaria mpaka kitakapotaja jina lake. Jumatano tarehe 3 Julai, alipokuwa anainuka kwenda kutawadha, alianguka. Nilimkuta baridi, ametota jasho, macho wazi na hayanioni. Mimi na Shehe tulimweka katikati yetu kwenye pikipiki ya kukodi, kichwa chake kikicheza begani mwangu kama cha mtoto aliyelala, nikawa namwita njia nzima na hajibu.

Hospitalini muuguzi alimpima sukari, akatazama kipimo, akapima tena kwa kutoamini. Sukari ilikuwa imepanda mno, na msukumo wa damu umeshuka mno. Wakamtia maji ya mshipani, na sindano, na baada ya muda macho yake yakaanza kututambua. Daktari aliyekuja anaitwa Dokta Joël, kijana wa sauti ndogo, mzaliwa wa mji mdogo wa Bendera. Hakuanza na kidonda. Alitazama uso, akapapasa nyuma ya shingo, akaitazama ile mistari ya tumboni. Kisha akamuuliza Yasmine kwa upole ni vinini gani, vidonge gani vya kunenepesha, anavyotumia.

Yasmine akasema hatumii. Daktari akarudia, akasema asione haya, amewaona wanawake wengi wenye uso huu. Yasmine akaapa. Hapo Shehe akawaka. Akasema yeye alimuoa akiwa mwembamba na hakuwahi kulalamika, sasa aambiwe, mke wake alikuwa anamnenepea mwanaume gani? Akasema mtoto atampeleka kwa mama yake yeye Shehe jioni ile ile, na Yasmine akipona atajua pa kwenda. Mdogo wangu alikuwa analia bila sauti, maana hata sauti ya kulia inataka nguvu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wameacha kula.

Mama alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Akasimama. Alisema: "Muache mutoto wangu. Hajui kitu. Njo mimi nilikuwa namutilia katika uji."

Sifa, nimeishi na Mama maisha yangu yote. Kama ukuta ule ungesema, nisingeshangaa kuliko vile.

Alieleza yote akiwa amesimama, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Vinini alivinunua kwenye meza ya dawa sokoni. Muuzaji alimwambia ni vitamini vya kufungua mwili, wamama wote wanavichukua. Alivitwanga pamoja na karanga ili uchungu usisikike, maana Yasmine tangu utoto alikuwa anatema kila dawa. Daktari alimwomba vile vilivyobaki. Mama alifungua fundo la kitenge chake akavitoa. Alikuwa navyo pale pale kiunoni, siku zote zile tulipokuwa tunaliita jambo hili malaria.

Daktari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivuta kiti akatueleza kama mwalimu, na mimi niliuliza mpaka nikaelewa, kwa hiyo nakuandikia nilivyoelewa.

Alisema sisi tunafikiri mafuta ya mwili ni ghala tu, yamekaa kimya. Siyo kimya. Ndani yake wanaishi askari, zile chembe nyeupe za damu zinazotulinda na magonjwa. Mafuta yakiwa kiasi, askari hao wanafanya usafi na kulinda amani. Mafuta yakijaa kupita kiasi, chembe zake zinavimba na nyingine zinakufa, na askari wengine wanakuja kwa wingi kama watu wanaokimbilia moto. Wanamtafuta adui na adui hayupo. Basi wanapigana hivyo hivyo, hapo hapo, kila siku, na ule moto wao unaizuia insulini, ambayo ndiyo inayofungulia sukari mlango iingie mwilini. Sukari inabaki kwenye damu. Ndivyo watu wengi tunaowasifu kwa unene wanavyopata ugonjwa wa sukari wakati sisi tunasema wameshiba.

Nikamuuliza: kama kosa ni askari, na vinini hivi, kama alivyotuambia alipovitazama, vinawalaza askari, mbona havikumponya? Alinitazama vizuri. Akasema ndiyo ubaya wenyewe. Vinini hivi ni dawa ya kweli, vinaokoa watu mikononi mwa anayevijua. Lakini vikitumiwa muda mrefu vinaliamuru ini limwage sukari, vinajaza mafuta usoni, shingoni na tumboni, na vinakula nyama ya miguu. Na askari wa mwili mzima wanalala, mpaka wale wa kisigino. Kidonda cha Yasmine hakikuuma wala hakikuwa na joto kwa sababu joto na maumivu ndiyo kelele ya askari wakiwa kazini. Hakukuwa na anayepiga kelele.

Kisha akasema jambo la tatu, na hili ndilo lililotaka kumuua. Mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachofanana na dawa hiyo, kwenye vitezi vilivyo juu ya figo, na bila kitu hicho mtu hawezi kuishi. Dawa ikija kila siku kutoka nje, vitezi vinaacha kazi. Siku uji ulipokatwa, Yasmine alibaki bila cha nje na bila cha ndani, tena ana kidonda kinachooza. Kosa la kwanza lilikuwa kumpa. Kosa la pili lilikuwa kumwachisha ghafla.

Hapo Mama akauliza swali moja. Aliuliza: na kama kuna muntu bado anakunywa uji huo mpaka leo? Daktari akauliza ni nani. Mama alinigeukia mimi, akakaa tena chini.

Umeshaelewa, dada. Umbo lile ulilotoka nalo lilikuwa la vinini hivi hivi. Na unga ambao Norbert amekuletea kila treni ilipotembea, tangu Aboubakar azaliwe, ni unga ule ule. Mama hakutaka ukonde ugenini, watu wa Kongolo wakasema amekuoza ukiwa mzima na sasa umekauka. Unakumbuka mwaka jana treni ilipoharibika, unga ukakuishia, ukalegea, ukatapika, ukatibiwa malaria, na mfuko ulipofika ukapona? Ulituambia kwenye simu kwamba unga wa Mama ni dawa. Tulicheka sana siku ile. Mama alicheka kutushinda.

Sasa sikiliza vizuri. Daktari amesema usiuache ghafla hata siku moja. Leo hii, wewe na Mama, mwende hospitali. Ndani ya bahasha kuna karatasi yake kwa daktari wa huko, na Mama amebeba vinini vyenyewe pamoja na pakiti zake, wavione kwa macho yao. Watakupima sukari na damu, watakupa dawa hiyo hiyo kwa kipimo kinachojulikana, na wataipunguza polepole mpaka vitezi vyako viamke. Itachukua muda mrefu. Jitazame miguu. Kidonda chochote, hata kisichouma, hasa kisichouma, waonyeshe.

Yasmine yuko hai. Bado amelazwa, anachomwa insulini, na kisigino kinasafishwa kila siku. Daktari anatumaini mguu utabaki. Shehe, aliyekuwa ameondoka kwa hasira, alirudi jioni ile ile. Hajasema pole, lakini anafua nepi za mtoto pale uani pa hospitali mbele za wanawake wote, na wanamtania kwamba sasa yeye ndiye muzazi. Mama Carine analeta supu ya samaki kila mchana na hajui kitu, anasema ni jicho la watu.

Mama hakutaka Norbert abebe barua hii. Alisema unga ulipita kwa mikono ya watu, haya yatapita kwa mikono yake. Kusoma hajui, kwa hiyo nilimsomea yote kabla ya kufunga bahasha. Hakunikatiza ila mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika kwamba muuzaji wa dawa alimdanganya. Alisema nifute, niandike kwamba hakumuuliza kitu. Nimefuta, na sasa nimeandika.

Lakini fungu hili sikumsomea. Nimeliongeza baada ya yeye kwenda kulala.

Siku ya Idi ulitutumia picha ya Aboubakar na kanzu yake nyeupe. Mama aliibusu simu. Mpaka leo ndiyo picha inayotokea simu yake ikifunguliwa, na kila mtu anaonyeshwa yale mashavu. Hospitalini niliitazama tena, kisha nikautazama uso wa Yasmine kwenye mto. Nikakumbuka ulivyosema kwa furaha kwamba suruali ya Idi ya mwaka jana bado inamtosha urefu, ni kiuno tu ndicho kimekataa. Nilirudi kwa Dokta Joël nikamuuliza. Alisema mtoto anayenenepa bila kurefuka lazima apimwe.

Sifa, Aboubakar anakunywa kwenye kikombe chako?

Kama hapana, Mungu ashukuriwe, na unisamehe kwa hofu hii. Kama ndiyo, usimwachishe ghafla naye. Mbebe, mwende wote. Jina lake nimemwomba daktari aliandike kwenye karatasi chini ya jina lako. Mama yuko mbele yako sasa, anakutazama usoni, na ameona kwamba hujakunja barua. Sijui utamwambiaje. Mimi nilikuwa naye siku zote hizi na nimeshindwa.

Yasmine anakusalimu kutoka kitandani kwake, Shehe anakusalimu, Mama Carine na nyumba yake wanakusalimu. Mfikishie shemeji heshima zangu, na umweleze taratibu. Barua zangu zote humaliza kwa kukuomba umbusu Aboubakar kwenye mashavu. Leo nibusie kwenye paji la uso.

Ni mimi mdogo wako,

Mosi